Huenda Ngome

Vijana wa ofisi ya upimaji, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na ombi. Saa niliitundika jioni ile ile. Ombi la kuandika kidogo kuhusu kazi ya zamani nimelizungusha muda mrefu, kwa sababu sina hakika kama ninayoyakumbuka yana faida kwa mtu anayepima kwa mitambo ya siku hizi. Mimi nimesoma hadi darasa la nane tu. Nilikuwa na kawaida ya kuandika mambo ya siku kila jioni tukiwa kambini, lakini nikiyasoma sasa naona nusu yake ni mvua na nani ameumwa malaria. Chukueni yatakayowafaa.

Niliajiriwa Kilosa miaka michache baada ya Uhuru. Nilidhani kazi ya ramani ni kazi ya meza, kwa hiyo nikafika nimevaa viatu vya mjomba, vimepigwa rangi vinang'aa. Mnyapara wa kikosi, Mzee Yeremia, aliviangalia kwanza kabla ya kuniangalia mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Hivyo vya kanisani kavirudishe kwa mwenyewe." Akanipa panga na kunionyesha fito iliyopakwa nyekundu na nyeupe, ikiwa imesimama mbali kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Kazi yangu ilikuwa kufyeka mstari ulionyooka mpaka nifike pale. Nilifika alasiri. Shati halikufika lote.

Yeremia alikuwa Mkaguru wa upande wa Berega, ameoa huku kwetu, Mwanglikana wa kweli kweli ambaye alitembea akivuma nyimbo za ibada kwa sauti ya chini ili hatua zake zisibadilike. Alinifundisha mnyororo wa kupimia. Siku hizi mnauona umetundikwa ofisini kama pambo, lakini kwetu ulikuwa ndio kazi yenyewe. Unafutwa kwa kitambaa chenye oili kila jioni. Hautupwi chini, unalazwa. Ukiachwa juani unarefuka, kwa hiyo shamba lililopimwa saa sita mchana linatoka dogo kuliko lilivyo, na mwenye shamba hatajua kamwe. Alinifundisha pia kwamba anayeharibu kipimo kwa kawaida ni mtu wa nyuma, kwa kuwa wa mbele anatazamwa na wote, ila wa nyuma akichoka analegeza kidogo na hakuna anayemwona. Kwa hiyo nyuma aliweka watu waaminifu, mbele akaweka wenye nguvu. Mimi aliniweka nyuma. Kwa muda niliona ni sifa. Baadaye nilijitazama mikono nikaona huenda ni kwa sababu ile nyingine.

Sitaeleza nilivyopanda vyeo, maana havikuwa vingi. Tulipima mipaka ya hifadhi upande wa Mikumi, ambako tembo walizipenda bikoni zetu, zile nguzo za zege za mpaka, kwa kujikunia ubavu, tukawa tunarudi kuzisimamisha. Tulipima Ruhembe na Ruaha kwenye miwa, kazi ninayomwachia kwa moyo mkunjufu yeyote anayeitaka, kwa sababu muwa ukishapita kimo cha fito mpima anakuwa kipofu, na nyoka anakuwa mwenyeji. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, na kwa wakati huo nilikuwa mpima msaidizi, nimekabidhiwa tiodolaiti ya ofisi, darubini ya kupimia pembe, na kikosi chenye Yeremia yule yule, ambaye sasa kwa cheo alikuwa chini yangu. Aliendelea kuniita bwana mdogo, nami sikuona sababu ya kumrekebisha.

Sasa nifike kwenye kilima, maana ndicho ambacho wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mkikiona kwenye ramani.

Bonde lenyewe liko kati ya Ulaya na Mikumi. Kwa mgeni, Ulaya hiyo ni yetu ya Kilosa, ina mahindi na mbu. Kijiji sitakitaja, wenyewe wapo. Katikati ya bonde palikuwa na kilima cha udongo, kimo chake kama nyumba mbili za bati zilizobebana, juu tambarare, na kimezungukwa na handaki refu kwenda chini. Handaki lilizunguka karibu pote isipokuwa upande wa magharibi, ambako paliachwa pengo la kupita mkokoteni. Padri mmoja mzungu wa misheni alikuwa amepita na Landrova yake, akasimama, akazunguka, kisha akaenda kuwaambia wakubwa Kilosa kwamba kwao viko vilima kama hivyo. Mabwana wa zamani sana waliwachimbisha watu handaki, udongo wakaurundika katikati, na juu yake wakajenga ngome ya magogo. Akasema hiki nacho huenda ni ngome.

Neno hilo lilifika vibaya, kwa sababu ramani ya kijiji kipya ilikuwa imeshachorwa. Ilichorwa Kilosa, mezani, na pale penye kilima paliandikwa shule na shamba la pamoja. Trekta lilikuwa limeombwa kuja kukisawazisha. Ikatoka amri kwamba kabla ya trekta, mtaalamu wa mambo ya kale aje akitazame, nasi tukampimie.

Mtaalamu alikuja kwa basi, kijana aliyetoka chuo kikuu, Ndugu Philemon. Nilitegemea majivuno na sikuyapata. Alilala kwenye hema letu, akala ugali wetu, na lalamiko lake moja tu lilikuwa chumvi. Katibu Tarafa alituita siku ya kwanza akatueleza anavyotaka. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na familia zilizohamishwa ambazo zilikuwa zinalala kwenye vibanda vya nyasi, na mvua ilikuwa inanukia. "Mimi nataka neno moja," alisema. "Ndiyo, au hapana. Ikiwa ndiyo, tunazungushia seng'enge na jembe haligusi. Ikiwa hapana, trekta linaingia. Mengine yote mtayaandika huko kwenu."

Tukaanza kwa kuwauliza wazee wa pale, kama inavyotakiwa. Walikubaliana wote. Ile ni ngome ya babu zao, walijificha humo wakati wa vita na Wahehe, na hao watani wao wakapita bila kuwaona. Ndugu Philemon aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kupanda juu au kushuka handakini. Wakacheka. Mwanaume hakanyagi pale. Walikatazwa na mama zao tangu wadogo, waliambiwa atakayethubutu atajuta, na hakuna aliyetaka kujua atajutaje. Ndugu Philemon akaandika kwamba mahali pale panaheshimiwa kwa ajili ya wahenga. Nami niliandika hivyo hivyo jioni, nikaongeza kwamba nimesisimka.

Kesho yake tulifyeka mstari mpaka ukingo wa handaki ili tulivuke. Yeremia alikuwa mbele na mnyororo. Alifika ukingoni, akaangalia chini, akarudisha mguu. Nami nikasogea kuangalia. Ukuta wa ndani wa handaki ulikuwa umekatwa kwa jembe, laini, kama kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu, na mahali pengine ulikuwa bado mbichi.

"Bwana mdogo, mimi humu siingii."

Nikamwambia yeye Mkristo, anaogopaje mizimu.

"Mizimu gani? Hili ni shimo la akina mama. Wanachimba udongo wa vyungu. Nikikanyaga humu, chungu kikipasuka motoni hata kule Berega, nitaambiwa ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi wazee hawakusema. Alinitazama kama alivyovitazama viatu vyangu siku ile ya kwanza. "Waseme nini? Hawajawahi kuliona."

Ndivyo ilivyokuwa, kwa kadiri nilivyoelewa. Kwa wafinyanzi wa kule mwanaume hafiki wanapochimba udongo. Mama anamkataza mtoto wake wa kiume kwa ajili ya vyungu, hamwelezi sababu. Mtoto anakua, anakuwa mzee mwenye kiti barazani, anahitaji sababu, naye anaitafuta kwenye vita. Hakuna aliyedanganya. Na sisi tuliokuja kuuliza tuliuliza wenye viti.

Asubuhi iliyofuata nilisimamisha tiodolaiti, nikachungulia. Tiodolaiti zile za zamani zilionyesha mambo juu chini, mpimaji akazoea. Badala ya fito niliona kundi la wanawake wameketi kwenye mstari wangu, miguu juu, vichwa chini, wametulia. Nikatoa jicho nikaenda kwa miguu. Aliyekuwa mbele alikuwa mama mtu mzima, kanga mbili, kucha zimejaa udongo mkavu wa kijivu. Jina lake Mama Foibe. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi wa bonde lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Haya, ondoa mnyororo wako."

Nilimweleza kwamba sisi hatujaja kuchukua kitu, tunapima tu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza yeye, polepole, kama anayemweleza mtoto. Katibu anataka kufukia. Huyu kijana wa Dar es Salaam anataka kuzungushia seng'enge. "Kote huko mimi sina udongo," alisema. Udongo wa mtoni wameshaujaribu, unapasuka. Wa hapa ndio unaostahimili moto, na vyungu vyake ndivyo vinavyouzwa Kilosa na Mikumi, ndivyo vinavyoleta mahindi mwaka ambao shamba limekataa. Wajukuu zake baba yao alikufa, yeye ndiye anayewalisha. "Sasa wewe andika ngome, au andika si ngome. Mimi nakaa hapa."

Ndugu Philemon alikuja, akaketi naye chini. Akamwambia kweli tupu, jambo ambalo nilimheshimu kwalo: asipolipima handaki hana cha kuandika, na asipoandika kitu trekta litakuja siku yake. Lakini kulipima ni lazima mtu ashuke humo. Jua likapanda.

"Kwani kushika huo mnyororo kunasomewa wapi?" aliuliza Mama Foibe.

Yeremia akacheka, akaninyooshea kidole. "Mama, hata huyu hakusomea."

Basi vijana, handaki lile lilipimwa na wanawake. Sisi tulisimama ukingo wa nje, wao wakashuka. Mama Foibe alishika nyuma, mpwa wake Tabitha mbele. Niliwafundisha kukaza mnyororo ulalie hewani badala ya kulalia mteremko, na kuteremsha timazi pale unapoishia. Nilikuwa napaza sauti, "Kaza!" nao walikaza hata nikaogopa kwa ajili ya mnyororo, ambao ulikuwa mali ya serikali. Jioni tuliupima tena kuona kama umerefuka. Tabitha aliniuliza kutoka chini kama kwa kazi hii tunalipwa. Nikasema tunalipwa kidogo. Akawaambia wenzake kwamba hata hicho kidogo ni kingi. Vipimo vyao nilivirudia kwa pembe kutoka juu na sikukuta kosa la kusema, ingawa napenda kukiri kwamba pembe zangu zenyewe hazikuwa za kujivunia.

Baada ya handaki, Ndugu Philemon aliomba kuchimba mtaro mdogo juu ya kilima. Wanawake wakaona huko hakuna udongo wao, wakakubali. Alichimba kwa mwiko wa fundi na brashi, kwa subira iliyoniuma mgongo kwa kumtazama tu. Siku hizo Katibu Tarafa alipita, akamvuta Mama Foibe pembeni. Mama mwenyewe alituambia baadaye, mbele ya huyo Katibu, naye hakubisha. Alimwahidi kwamba akimwambia mtaalamu kuwa pale pote ni kazi ya wanawake, hapakuwa na ngome, basi trekta litaacha sehemu ya handaki inayoelekea mtoni, iwe ya wafinyanzi. Sijui kama angeweza kulisimamia hilo. Nadhani alimaanisha.

Kwa hiyo siku ambayo Ndugu Philemon alitandika gunia na kupanga vigae vya vyungu alivyovichimbua, wote tulijua kinachosubiriwa. Alivipanga kwa kufuata kina, vya juu kwanza. Akamwomba Mama Foibe avitazame. Wanawake walisimama nyuma yake, Katibu kando, sisi wa mnyororo tulijifanya tunafuta mnyororo.

Vya juu alivitambua bila shida. "Hiki cha mama yangu, aliviringisha gunzi pembeni hivi. Hiki cha shangazi, alikuwa na haraka siku zote, ona." Ndugu Philemon aliandika, na niliona bega lake linashuka, kwa sababu ngome yake ilikuwa inageuka kuwa jalala la shangazi. Wakashuka hivyo mpaka kigae cha chini kabisa. Kilikuwa kinene, mdomo wake umepinda nje, na juu yake michirizi imekatana kama wavu.

Alikishika muda mrefu. Alikigonga kwa ukucha akasikiliza. Alikilowesha kwa mate akanusa. Alikuwa na udongo wake mkononi, na ahadi ya Katibu, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumbishia.

"Huu mkono siujui," alisema.

Ndugu Philemon akamuuliza kama huenda ni wa bibi yake.

"Wa bibi naujua. Huu si wetu."

Nyuma yake Tabitha alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Mama nawe, si ungesema tu ni wa bibi." Mama Foibe akajibu bila kugeuka kwamba bibi angemcheka.

Niwe mkweli kwa pande zote, kwa maana Ndugu Philemon naye alikuwa na lake la kupoteza. Kijana mwanzoni mwa kazi, amepewa kigae cha watu wasiojulikana, chini ya kilima chenye handaki na pengo mithili ya lango. Angeandika ngome, na jina lake lingetajwa nayo. Aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kisha akatueleza anavyoona. Kigae kinaonyesha kwamba watu walikuwepo, hakionyeshi kwamba walijenga ngome. Handaki lina alama za majembe ya wiki iliyopita. Nani alianza kulichimba haliwezi kusema tena, kwa sababu waliofuata walikwangua alama zake. Pengo huenda ni lango. Mama Foibe alikuwa ameshamwambia kwamba pale udongo una mchanga, hakuna wa kuuhangaikia, na hilo nalo lilikuwa kweli, tulishika kwa mikono. Udongo wa juu uliotupwa na wachimbaji ungeweza kurundikana katikati, ila kilima kilikuwa kikubwa mno kwa udongo wa kutupwa. Akanigeukia akaniuliza naonaje. Nikasema sijui. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu.

Alichoandika mnakijua, kipo kwenye ramani hadi leo. Huenda ngome.

"Huenda ni jibu gani?" Katibu Tarafa aliuliza. "Niliomba neno moja."

"Nalo ni moja," alisema Ndugu Philemon. "Ndilo ninaloweza kulitia sahihi."

Katibu akamuuliza, kwa uchovu zaidi kuliko hasira, sasa yeye afanye nini na huenda. Akajibiwa kwamba kitu ambacho huenda ni ngome hakisawazishwi mpaka ijulikane. Na kitu ambacho hakijajulikana kuwa ngome hakina sheria ya kumzuia mtu. Waliokuwa wanakitumia waendelee kukitumia kama walivyozoea, hadi utafiti zaidi. Katibu alitafuta tundu kwenye maneno hayo, nami nilimwona analitafuta. Mwishowe aliniambia nitafute pengine pa kuweka shule.

Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, nami sijui kama niliifanya vizuri. Ilibidi kupindisha mistari ya viwanja ikizunguke kilima, na mvua ya kwanza ilitukuta bado tunapigilia vigingi vya viwanja. Familia mbili zilipata viwanja vyenye pembe ambazo hakuna nyumba inayozipenda, zikanilaumu, na zilikuwa na haki. Barabara ya kijiji imepinda mpaka sasa. Nilimsikia dereva mmoja wa lori akiuliza aliyepima pale alikuwa amekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai.

Utafiti zaidi haukuja wakati wangu. Ndugu Philemon alihamishwa, nasi tukaendelea na vijiji vingine. Yeremia alistaafu, akarudi Berega. Kwa upande wangu nilipima mengi baada ya hapo ambayo yalikuwa ndiyo au hapana, na siyakumbuki.

Nilirudi bondeni pale karibu na kustaafu, kufufua bikoni. Mnyororo haukuwepo tena, tulikuwa na mtambo. Nilizunguka kilima nikaona upande wa mashariki umeliwa. Handaki lilikuwa limeingia ndani hasa, na sehemu ya juu iliyokuwa tambarare, pale Ndugu Philemon alipochimba, ilikuwa imeporomoka yote. Mama Foibe alikuwa hai, jicho moja limeingia ukungu, ameketi kwenye kigoda karibu na ukingo akiwasimamia wengine kwa maneno. Tabitha ndiye aliyekuwa mkubwa wa tanuri sasa. Nyuma yao vyungu vibichi vilikuwa vimepangwa kivulini.

Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti. Nilimweleza jambo lililokuwa linanisumbua tangu niliposhuka kwenye gari. Nilisema kama ilikuwa ngome kweli, basi tumeilinda na trekta ili imalizwe na vyungu vya maharage. Nilimuuliza yeye anaonaje, kama tulitenda sawa. Sikuona kama swali lilimuudhi.

"Kama walikuwepo," alisema, "nao walikuwa wanapika."

Kisha akaniambia nisogee nyuma ya mti na mtambo wangu, kwa sababu wanawake walikuwa wanataka kushuka.